Fulana ya Kudekia

Kazi ya afisa utumishi katika halmashauri ni umbea wenye mhuri, na mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mpima ardhi alipoingia ofisini kwangu amebeba mfuko wa plastiki kwa ncha za vidole, nilisukuma mafaili pembeni haraka.

"Mhudumu wako anafanya siasa kazini," alisema. "Anadeki korido kwa fulana ya mgombea wetu. Uso wa mtu mzima unasugulishwa sakafu! Haya ni matusi."

"Au ni kampeni," nilimjibu. "Asubuhi hii ofisi nzima imemwona."

Hakucheka. Alitaka barua.

Kanuni zetu ziko wazi: mtumishi haruhusiwi kuvaa wala kuingiza ofisini kitu chochote cha chama. Mhudumu mwenyewe, tuliyezoea kumwita Mama Ndoo, alikuwa amebakiza wiki mbili tu athibitishwe kazini. Barua moja kwenye kipindi cha majaribio, basi, anarudi nyumbani kwa wanawe watatu mikono mitupu. Nilimhurumia, kweli, lakini zaidi nilitaka kujua fulana kaitoa wapi. Ndivyo nilivyo, sifichi.

Nikamwita. Alisimama mlangoni, mikono bado imelowa.

"Mama Ndoo, matambara si yanatolewa stoo?"

"Stoo wanasema yameisha tangu mwezi wa tatu, bosi. Nadekia ninachookota."

"Na hii umeiokota wapi?"

Akatazama dirishani. "Humu humu."

"Humu kwa nani?"

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwambia akimtaja mwenye fulana basi barua itaenda kwa huyo, yeye kasalimika. Akajikausha. Mimi huku nilishaanza kuwapanga: mhasibu? Dereva wa mkurugenzi? Au mpima ardhi mwenyewe? Utamu ulinipanda kichwani.

"We andika tu, bosi," alisema. "Sitaki kumtia mtu matatani."

Nikatoa fomu, nikajaza jina lake. Chini palitakiwa maelezo ya kielelezo, ikabidi nifungue ule mfuko na kuikunjua fulana mezani. Uso wa mgombea ulikuwa umepauka kwa sabuni, na begani palikuwa na alama nyeusi ya pasi.

Alama ile niliijua.

Mume wangu ni mpiga kampeni wa kutupwa. Fulana ile alinipa niivae Jumapili. Nikaiunguza kwa pasi, nikaogopa asije akaikuta kwenye taka za nyumbani, nikaja nayo kazini na kuitupa kwenye ndoo iliyo chini ya meza yangu. Kisha nikasahau kabisa. Na ndoo hiyo anaimwaga mtu mmoja tu.

"Ulijua muda wote huu?"

"Ndoo ni yako, bosi, na barua unaandika wewe. Ningekutaja kwa nani?"

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Nilichana fomu ile, nikachukua nyingine. Penye jina la mlalamikiwa nikaandika langu, penye cheo nikaandika afisa utumishi, nikagonga mhuri wangu mwenyewe.

"Mpelekee mkurugenzi."

Aliishika karatasi kwa pembe, asije akailowesha. Halafu akanyoosha kidole mezani.

"Na tambara langu, bosi? Korido bado nusu."