Bao la Mussa Mkonge

Timu ya Katani ya Tanga ilikufa kimyakimya, kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Uwanja wake uligeuzwa yadi ya mabati na mbao, wachezaji wake wa mwisho wakashika bodaboda, na jezi zake zikaishia kufutia vioo vya magari. Lakini tawi lake la Johannesburg lilistawi. Lilikuwa na mwenyekiti, makamu wake, katibu, katibu msaidizi, mhazini, mlezi, mshauri wa mlezi na wengineo, maana siku ya kuliunda hakuna aliyekubali kurudi nyumbani bila cheo. Mwanachama wa kawaida alikuwa mmoja tu. Huyo ni Ignace, kinyozi Mkongo kutoka Lubumbashi, ambaye siku hiyo alikuja kudai kiti chake alichokiazima mtu, akakuta pilau inapakuliwa, akaona si vibaya kujiunga.

Burhani alikuwa Katibu Mwenezi na Mwanahistoria. Kwa kazi alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa Troyeville, nyuma ya duka la matairi, na mtu akipeleka kochi lake kubadilishiwa kitambaa alijua atakaa pale asikilize historia ya Katani hadi msumari wa mwisho. Wazulu walisikiliza, Wareno wazee waliobaki mtaani walisikiliza, na askari mmoja aliyekuja kuulizia leseni ya biashara alisikiliza mpaka akasahau alichofuata.

Na historia yote ya Katani ilikuwa na kilele kimoja: fainali ya Kombe la Mwambao, mwaka sabini na tisa, mvua inanyesha kama imetumwa, dakika zinayoyoma, bila kwa bila dhidi ya Gerezani Rovers ya Dar es Salaam. Hapo ndipo Mussa Mkonge alipoupokea mpira kwa kifua, akamlamba chenga beki wa kwanza, akampiga tobo wa pili, wa tatu akamwacha amekaa chini kama anayesubiri chai, kisha kutoka mbali, mbali kabisa, akaachia shuti la mguu wa kushoto. Wavu ukachanika.

"Ukachanika," Burhani alikuwa akirudia, nyundo mkononi. "Wavu wa katani yetu wenyewe, ile ya mashamba ya Tanga. Kamba inayofunga meli."

Mkewe Zubeda, ambaye ndiye aliyekuwa mhazini, alikuwa ameisikia habari hiyo tangu siku ya posa. Binti yao Sumaiya, aliyezaliwa hapa hapa Joburg na sasa anafanya kazi kwenye duka la dawa, alikua akiisikia kama mtu anavyosikia friji. Kiswahili alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza, na timu yake ilikuwa ya Soweto.

Basi mwaka 2018, majira ya baridi, ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la tawi: Mussa Mkonge yuko Johannesburg. Amekuja kutolewa mtoto wa jicho, na amefikia kwa mwanawe Seif, kwenye ghorofa moja la Berea.

Burhani aliusoma ujumbe huo akiwa na misumari mdomoni, nusura aimeze.

Maandalizi yakaanza siku ile ile. Mwenyekiti Luqman, muuza mapazia wa Bertrams, mtu ambaye hata kupiga chafya alipiga kwa mujibu wa katiba, aliitisha kikao cha dharura. Kamati zikaundwa: kamati ya mapokezi, kamati ya usafiri, kamati ya kusimamia kamati. Ignace akapewa kazi ya kuwa wanachama. Burhani akachukua kochi la mteja lililokuwa likisubiri kitambaa, akalivika kijani na nyeupe, rangi za Katani, ili shujaa apate pa kukaa. Mteja alipopiga simu kuulizia kochi lake aliambiwa limeingia kwenye historia.

Jumapili ikafika. Ua wa karakana ulipambwa kwa mapazia ya Luqman. Mussa Mkonge akaletwa ndani ya bakkie ya Burhani, pikapu ya kubebea makochi, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu na jicho moja lenye ukungu, anatembea kwa kupapasa. Watu wakasimama. Shikamoo zikamiminika, naye akaziitikia marahaba moja moja bila haraka, kama mtu anayepokea chenji. Akaketishwa kwenye kochi.

Burhani akatoa historia. Alianza na ukoloni. Alipofika kwenye mashamba ya mkonge Zubeda alikuwa amekwisha funika sufuria mara ya pili. Akafika mwaka sabini na tisa. Akafika langoni mwa Gerezani Rovers, akanyamaza makusudi.

"Lakini mimi ni nani," akasema, "wakati mwenye bao yupo? Mzee, tunaomba utusimulie mwenyewe."

Mussa Mkonge akakohoa. "Bao lipi hilo?"

Watu wakacheka. Wakadhani ni unyenyekevu.

"La fainali, mzee."

"Aa, lile." Akatabasamu. "Lile ilikuwa hivi. Ilipigwa kona, mimi nikateleza nikakaa kwenye tope. Kiatu kikanivuka. Nikageuka nyuma nikitafute, nimeinama hivi, namna ya mtu anayetafuta shilingi. Beki wao akaupiga ule mpira auondoe, ukanigonga mgongoni, ukaingia. Mimi sikujua. Nilisikia kelele tu, nikadhani uwanja umevamiwa na nyuki."

Ni Ignace peke yake aliyecheka, kisha akaona hana mwenzake, akaacha.

Burhani alitabasamu kama anayemshika mkono mgeni aliyejikwaa mlangoni. "Mzee, umri nao una mambo yake. Huenda unachanganya na mechi nyingine. Uliupokea kwa kifua."

"Kwa mgongo, mwanangu."

"Kifua. Ukampiga chenga beki wa kwanza."

"Mimi? Mimi nilikuwa beki. Chenga sikujaliwa hata ya kumkwepa mbuzi."

"Mzee wangu, kwa heshima zote, historia ya Katani nimeisimulia maisha yangu yote."

"Na mgongo nimeubeba maisha yangu yote," akasema Mussa Mkonge, bila ubaya wowote.

Hapo viongozi wakagawanyika. Mlezi akasema mchezaji ndiye anayejua. Mshauri wa mlezi akasema mchezaji yuko ndani ya mchezo, hauoni, anayeuona ni mtazamaji. Makamu akapendekeza maridhiano: kifua na mgongo vyote ni kiwiliwili, iandikwe kiwiliwili. Burhani akasimama katikati ya ua, jasho likimtoka kwenye baridi, akasema kwa sauti ya chini, "Mgongo ni wako, mzee. Lakini bao ni la Katani."

Luqman akagonga meza. Kwa mujibu wa katiba, alisema, mzozo unaomhusu kiongozi hauamuliwi na viongozi. Unaamuliwa na wanachama kwa kura.

Kila mtu akageuka kumtazama Ignace.

"Huyu?" akasema mshauri wa mlezi. "Asiyekuwepo na lake halipo. Huyu Tanga haijui hata kwenye ramani."

"Wanachama wapewe nafasi," akasema Luqman.

Ignace, aliyekwisha jipakulia kabla ya wote, akaweka sahani chini, akajifuta mikono. "Ba papa, mi ile mwaka sikukuwa hata nazaliwa," akasema. "Lakini mi ni kinyozi. Kila siku watu wanakaa mu kiti, wananidanganya. Mutu anadanganya ili aonekane mukubwa. Sijaona mutu anadanganya eti alianguka mu tope, akavuliwa kiatu. Huyu mzee anasema kweli. Mgongo."

Luqman akatangaza matokeo: wanachama wamepitisha mgongo kwa kauli moja. Tawi likajipongeza kwa ukomavu wake wa kidemokrasia, na pilau ikapakuliwa.

Burhani hakula. Alikaa pembeni ya rundo la sponji, ameshika nyundo asiyokuwa na kazi nayo. Zubeda alimpelekea chai, akaona uso wake, akaacha neno la mzaha alilokuwa amelitayarisha. Akamwekea kikombe na kurudi zake jikoni.

Jioni kabla jua halijazama ikabidi mgeni arudishwe, na bakkie ilikuwa ya Burhani. Wakaondoka wawili hao. Walipita Bertrams, heater ikipiga kelele na kutoa upepo wa baridi. Walipokwama kwenye robot, taa za barabarani za kupandia Berea, Mussa Mkonge akauliza, "Hilo bao la kifua nani alikusimulia?"

"Nililiona."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

Burhani akakaza macho mbele. "Saba. Baba alisimama juu ya ukuta, mimi nilikuwa chini kati ya miguu ya watu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia."

"Ukuta wa upande gani?"

"Wa reli."

Mzee akaguna. Taa ikageuka kijani, gari la nyuma likapiga honi, Burhani akaondoa bakkie kwa kushtuka.

"Upande wa reli, kwa mvua ile," akasema Mussa Mkonge, "hata lango lenyewe lilikuwa halionekani. Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Burhani akafikiri. Baba yake alikuwa mkata mkonge, mtu wa maneno machache kuliko vidole vyake, na vidole vyenyewe mashine ilikuwa imemla viwili. Alirudi, alikula, alilala. Lakini siku ile njiani kurudi nyumbani alimbeba mwanawe mabegani akampigia bao lile kwa mdomo, chenga baada ya chenga, akiruka madimbwi, akimwita Mussa, Mussa, na watu waliopishana nao wakamkumbatia. Burhani hakuwahi tena kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

"Alikuwa mkimya," akasema.

"Basi bao lile ni la kwake. Ni zuri kuliko langu. Kaa nalo."

Wakafika. Burhani alimshika mzee mkono mpaka juu ghorofani, kwa kuwa lifti ilikuwa haifanyi kazi, na hakuzungumza habari ya Katani hata kwenye ngazi moja.

Wiki ile wateja wa Troyeville walirudishiwa makochi yao kimyakimya, na baadhi wakauliza kama fundi anaumwa. Akija mtu na kutaja mpira, Burhani alianza, akafika kwenye kona, akasita, akaomba apitishiwe mkasi.

Jumamosi Sumaiya akaingia karakanani akiwa na sare yake ya duka la dawa. Mama yake alikuwa amemsimulia asubuhi.

"Baba," akasema kwa Kiingereza chake, "ni kweli alifunga kwa mgongo? Akiwa anatafuta kiatu?"

Burhani akajiandaa kuaibika. Lakini binti alikuwa akicheka kwa raha kabisa, ameshika ukingo wa meza.

"Akadhani ni nyuki," akasema Burhani.

"Nyuki!" Akafuta machozi, akavuta stuli, akaketi. Hakuwahi kuketi pale. "Halafu ikawaje? Kiatu alikipata?"

Burhani akaacha kazi. Miaka yote hiyo bao lake lilikwisha pale wavu ulipochanika, hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya baadaye, wala yeye hakuwahi kujiuliza. Alijua kila kitu kuhusu Katani isipokuwa dakika iliyofuata.

Akampigia simu Mussa Mkonge, akaiweka spika juu ya kochi. Mzee alikuwa ametoka kupasuliwa jicho siku mbili nyuma, amelala, amechoka kutazamwa na ukuta. Sauti yake ilichangamka. Kiatu kilizama, akasema, hakikupatikana, na kombe alilipokea mguu mmoja ukiwa na soksi tu, na mkuu wa mkoa alipompa mkono alimkanyaga kidole. Na kipa wao, je, mnajua kipa alikuwa wapi?

Burhani akaanza kumtafsiria binti yake kwa Kiingereza, akaona inakuwa fupi, haina chumvi. Akairudia kwa Kiswahili.

"Subiri," akasema Sumaiya kwa Kiswahili kilichopinda pinda. "Kipa alikuwa wapi?"