Njia ya Treni ya Kopo

Mume wangu alikuwa fundi wa njia ya reli miaka thelathini na moja, na kazi ile ilimfuata mpaka kitandani. Nikivuta shuka upande wangu, alingoja nisinzie, kisha akalirudisha katikati kwa kupima na viganja. Ukiishi na mtu wa namna hiyo, ama unajifunza kucheka ama unarudi kwenu. Mimi kwetu kulikuwa mbali.

Alipostaafu alichukua chumba cha nyuma, akajenga stesheni yake ya zamani juu ya meza, kila mita moja ikawa sentimita moja. Majengo, mataruma chini ya reli, tangi la maji, vyote vilikuwapo. Hata kioo kilichokuwa na ufa kwenye dirisha la karani alikitia ufa vilevile. Injini aliipaka masizi kwa brashi ya nywele chache. Watu walikuja, wakainama, wakasema, "Ni yenyewe kabisa," wakaweka mikono nyuma, na baada ya dakika mbili wakauliza kama kuna chai.

Mimi nilikuwa na treni yangu uvunguni, ndani ya sanduku. Injini ilikuwa kopo la samaki, magurudumu vizibo vya soda. Ilikuwa na uso: macho mawili ya vifungo visivyolingana na kicheko chenye jino moja. Dereva alikuwa kuku wa kitambaa. Niliitengeneza na kitindamimba wetu, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Rangi nyekundu alipaka mwenyewe, mpaka kwenye magurudumu, na sakafu nayo ikapata yake. Treni ile ilibeba mchele, mawingu, na siku moja jino la mbele la Chiriku lililong'oka, ikampelekea bibi yake aliyekwisha kufa zamani. Chiriku alikuwa na miaka sita homa ilipomchukua. Siku nne tu.

Tangu tulipotoka makaburini, baba yake hakulitaja jina lile tena. Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Mwaka wa kumi nilimgombeza. Uzeeni nikawa nataka kitu kimoja tu kabla mmoja wetu hajaondoka: tukae tumzungumzie mtoto wetu, japo nusu saa, japo kwa kugombana.

Kwa hiyo nikaanza uchokozi. Siku alipokwenda kunyolewa, niliitoa treni ya kopo nikaiegesha katikati ya stesheni yake. Aliporudi nikaikuta nje ya mlango, imewekwa taratibu kama viatu vya mgeni.

"Mbona umewateremsha abiria wangu?" nikamwuliza.

"Hiyo haipiti hapa. Magurudumu ni mapana kuliko njia."

"Si uipanue njia?"

"Mama watoto, njia haipanuliwi kwa maneno."

"Inapanuliwa kwa nini basi, kwa kijiko?"

Akarudi kwenye gundi yake. Siku ya tatu nikairudisha, akaitoa. Tulikwenda hivyo kama watoto wawili, na hata mara moja hakusema ilikuwa ya nani.

Likizo moja kijana wetu mkubwa akatuletea binti yake wa miaka mitano. Babu yake akamnyanyua aione meza.

"Babu, nani yumo ndani?"

"Hakuna mtu. Ni mfano."

"Sasa inakwenda kumchukua nani?"

"Haiendi kokote. Unaziona hizi skrubu? Sawasawa na zile za kweli."

Mtoto akaziangalia skrubu kwa adabu. Kisha akateremka, akaiona treni ya kopo miguuni pangu. Hakuuliza kitu. "Huyu kuku amechelewa," akasema, na kabla sijavaa miwani walikuwa wameshafika mwezini kumchukua simba mwenye mafua. Mume wangu alisimama mlangoni, mkono umeshika mwimo. Nikangoja. Akafungua mdomo. Halafu akasema chumba kina vumbi, akaingia, akafunga.

Tangu siku ile akaweka kufuli. "Kuna kitu natengeneza," alisema. "Usiingie mpaka nikuite." Miezi mitatu. Kila niliporudi sokoni nilimkuta amekaa nje, mpole mno, kama mtu aliyeiba sukari. Siku moja nilifungua sanduku nikaikuta treni imegeuka, jino limetazama ukuta. Nikamsingizia panya.

Hakuniita. Moyo ulimsimama asubuhi, akifunga kamba za viatu. Kimoja alikuwa ameshakifunga.

Mwezi wa pili baada ya maziko akaja mwalimu mstaafu, rafiki yake anayekusanya mifano ya treni. Nilikuwa nimekubali aichukue meza, maana mlango ule ulinishinda kuupita. Nikafungua kufuli, tukaingia pamoja, yeye na rula yake. Alipima, akatikisa kichwa kwa furaha, akapima tena, kisha akaiweka rula chini.

"Shemeji, marehemu alikuwa hodari," akasema. "Lakini hapa amekosea. Stesheni ile haikuwa na njia ya tatu. Tena hii ni pana, haichukui treni yoyote. Angalia, amekata na ukingo wa jukwaa ili ipite. Lakini usijali, nitaing'oa."

"Usiiguse kwanza."

Nikaenda chumbani, nikalala kifudifudi kwa umri wangu huu, nikavuta sanduku. Nikaja nikaiweka treni ya kopo juu ya njia ile. Vizibo vilikaa kama makalio kwenye kigoda chake.

Hapo ndipo nilipoona. Juu ya reli zile mpya kulikuwa na michirizi myekundu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, rangi ya Chiriku. Kumbe mume wangu alikuwa akiiendesha. Mimi niko sokoni nachagua nyanya, yeye yuko ndani na kuku wangu. Kama alimtaja, sijui. Kama alilia, au alipiga honi kwa mdomo kama Chiriku alivyokuwa akipiga, sijui, na hakuna wa kumwuliza.

"Mwalimu," nikasema, "meza haiendi."

"Lakini tulikubaliana, shemeji. Na hili kosa..."

"Kosa ndilo ninalobaki nalo. Kaa, kuna chai."

Akakaa. Nikaisukuma treni kwa kidole. Ikapita mbele ya dirisha la karani, jino nje, ikakwaruza rangi kidogo ikaiacha juu ya ile nyingine.

"Wachoyo nyinyi," nikawaambia, yeye na Chiriku wake. "Mngeniita."