Baibui la Kuapishwa

Waliokuwapo chumbani alasiri ile ni hawa: Mama, juu ya mkeka, tasbihi mkononi, Shangazi, aliyekiwahi kiti pekee chenye mto, jirani wanayemwita Redio, kwa kuwa habari ikimwingia haikai, mdogo mtu, ambaye tangu uchaguzi upite hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Mheshimiwa, na Fundi, dada mtu, aliyepiga magoti kando ya cherehani yake akiwa amebana pini midomoni.

Pini zilimfaa. Mwenye pini kinywani hatarajiwi kucheka, wala kupongeza.

"Diwani wa kwanza mwenye baibui," Redio alisema, "tena msichana! Wazee wa baraza watakoma mwaka huu."

"Wapi wakome," alijibu Mheshimiwa. "Siku ya semina ya madiwani wapya nilipoingia tu, mmoja aliniagiza chai. Nikamwambia na mimi niagizie."

Walicheka wote, hata Mama. Fundi alikung'uta nyuzi kwenye baibui alilokuwa amelimaliza, la zambarau iliyokolea, lenye nakshi nyembamba kifuani.

Keshokutwa Mheshimiwa angeapishwa. Ukoo mzima ungejaa ukumbini, isipokuwa Fundi. Alikwishasema kwamba ana nguo za harusi za watu, haziwezi kungoja. Nguo hizo hazikuwapo. Alichokuwa nacho ni kinyongo alichokifuga tangu siku ya matokeo, watu walipombeba mdogo wake juu juu wakiimba, naye akasukumwa hadi ukutani na kijana asiyemjua, aliyemwambia, "Mama, pisha kidogo."

Apishe! Ilhali ni yeye aliyeanza kusema. Mtaa ulipokosa maji, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wanaume wa baraza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza ufunguo wa bomba unalala kwa nani, huku mdogo wake akijificha nyuma ya sketi yake. Baba alipofariki, mmoja wao alipaswa kuacha shule. Cherehani ilikuwa moja, na miguu iliyofika kwenye kanyagio ilikuwa yake.

"Hebu livae," alisema kwa pembe ya mdomo.

Hakuwa amempima. Mheshimiwa alipoleta kitambaa aliuliza asimame wapi, Fundi akamjibu, "Wewe nakujua nje ndani," akakitia mkasi. Hakuna nguo aliyowahi kuishona kwa uchungu ule, wala kwa uzuri ule.

Mheshimiwa akalivaa. Mikono ya nguo ikameza vidole. Mabega yakamporomokea. Pindo likaburura sakafuni.

Shangazi aliangua kicheko. "Haya, tumechagua diwani, tumeletewa pazia!"

"Labda ni macho," Redio alisema kwa huruma ya uongo. "Umri nao."

Fundi alizitema pini kiganjani. Alilishika bega la nguo, akaufuata mshono kwa kidole, na damu ikampanda usoni. Aliyajua mabega yale. Yalikuwa yake mwenyewe.

"Nitalipunguza," alisema haraka. "Livue."

Mheshimiwa alilivua polepole, lakini hakumrudishia mkononi. Alimtandia mabegani.

"Dada, hebu livae wewe."

"Nina kazi."

"Livae tu."

Lilimkaa sawasawa, kuanzia shingoni hadi pindo lilipogusa vifundo vya miguu. Redio alifumbua mdomo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule, akaufumba. Tasbihi ya Mama ilisimama.

"Kumbe unanionea kijicho," Mheshimiwa alisema, bila hasira.

"Nakuonea. Wewe ukipita watu wanasimama, mimi naambiwa nipishe. Hayo unayoyasema jukwaani, nani alikufundisha?"

"Wewe. Hata pale ninaponyamaza kidogo kabla ya kuuliza, ni pako." Mheshimiwa alikaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia. "Juzi sokoni msichana mmoja alinishika mkono. Akaniambia hajawahi kumwona mwenye mtandio kama wake akishika kipaza sauti. Nikaona haya, dada. Mimi nilikwishaona. Nilikuona wewe. Sasa keshokutwa usipokuja, nikiinua macho ukumbini nimwone nani?"

"Utauona ukoo mzima."

"Dada."

Fundi aligeukia kioo chenye ufa alichowawekea wateja. Mwanamke aliyekuwa ndani yake alikuwa mrefu kuliko alivyomzoea. Kijicho hakikuondoka. Kilikaa palepale kifuani, ila sasa kilikuwa kimenyoosha mgongo.

Aliichomoa futi shingoni.

"Hili halipunguzwi," aliwatangazia wote. "Ni langu. Keshokutwa nitalivaa na nitakaa mstari wa mbele. Kitambaa kingine kipo. Mheshimiwa, simama hapo nikupime kama mteja. Na muhula wako ukiisha, kiti hicho nitakigombea mimi. Nitakushinda."

Shangazi aliguna. Mheshimiwa alinyoosha mikono, akijizuia kucheka.

"Nawe Redio," Fundi alisema, akiizungusha futi mabegani mwa mdogo wake na kuikaza kidogo kuliko ilivyohitajika, "unangoja nini? Nenda kaseme."