Kichwa cha Bibi Fumie

Simel aliahidi kutoharibu kitu kwa siku mbili tu, na ahadi ikamshinda kabla hajavua kiatu cha pili.

Tusimwonee. Kufundishwa alifundishwa. Wiki nzima kabla ya safari ya Japani bintiye Naisiae alimkalisha barazani kwao Moshono akamkaririsha kama mtoto wa kipaimara. Viatu vinavuliwa mlangoni. Kwenye mikeka hata malapa hayakanyagi. Unajisugua kwanza ndipo uingie kwenye maji ya moto, huingii na vumbi lako la Arusha. Na kwa jina la Yesu, baba, usimtemee mtu mate ya baraka. Mzee akaitikia yote, sheria ishirini na tatu. Ya ishirini na nne hakuitaja mtu, maana nani angeifikiria?

Safari yenyewe ilikuwa ya uchumba. Naisiae alitaka kuolewa na Shuhei, Mjapani aliyejitolea miaka miwili kufundisha hesabu kule Lemara, akaondoka na Kiswahili cha kijiweni pamoja na moyo wa binti wa watu. Shuhei alilelewa na bibi yake, Bibi Fumie, mwenye nyumba ya wageni ya mbao iliyokaa ukingoni mwa bahari miaka mia mbili na zaidi. Bila neno la bibi huyo, ndoa hakuna. Basi baba mtu akapelekwa akaonwe.

Naye Simel, aliyefiwa na mke, mwenye ng'ombe sita na mtoto mmoja, alikuwa na dua yake ya siri: bibi akatae. Hakumwambia mtu ila jirani yake Elirehema. Siyo kwamba Shuhei alikuwa mbaya. Kila alipokuja Moshono alipewa chai, akapewa mkono. Lakini kwa Waarusha mkono ni wa mgeni. Mtoto wa nyumbani huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Miaka miwili yote Simel alimpa Shuhei mkono, na kichwa chake hakukigusa.

Haya, wakafika baba na binti, Shuhei akiwatangulia. Mlango ukasogezwa kando, na juu ya sakafu iliyong'aa wakamkuta mama mdogo wa umbo, amepiga magoti, nywele zimepangwa unywele kwa unywele. Akainama mbele ya Simel mpaka paji la uso likakaribia sakafu.

Jamani, mtu amewekewa vichwa mbele yake miaka arobaini! Mkono haukumwomba ruhusa. Ukashuka wenyewe, ukatua katikati ya zile nywele, pwaa.

"Mungu akukuze, mwanangu," akasema Simel, kwa sauti ya kanisani.

Naisiae alitoa mlio kama wa kuku aliyekanyagwa. Shuhei akageuka rangi. Wahudumu wawili waliobeba mabegi wakasimama hapo hapo. Bibi Fumie akainuka polepole, nywele zimelala upande mmoja, akauliza swali fupi.

"Anauliza mzee una miaka mingapi," Shuhei akatafsiri.

"Sitini na sita. Kwani?"

"Yeye ana themanini na nne."

Bibi akaondoka, mlango wa karatasi ukafungwa nyuma yake. Jioni hakutokea. Simel akaketi mbele ya vibakuli kumi na vitano, na Mwarusha yule ambaye hajawahi kula samaki akauliza, "Hivi vyote vilikuwa vinaogelea?" Akala wali mtupu. Aibu ilimpata, ndiyo, aibu ya kumbariki mtu wa rika la mama yake na kumwita mwanangu. Lakini chini ya aibu, mnafiki yule alikuwa anacheka. Dua imejibiwa! Atarudi Moshono na binti yake.

Asubuhi akamkuta Naisiae anakunja nguo na kuzipanga sandukuni.

"Hukufanya makusudi, baba," alisema bila kuinua uso. "Bibi hajatoka chumbani tangu jana. Turudi tu nyumbani."

Angemfokea ingekuwa nafuu. Angelia, Simel angejua la kusema. Lakini alikuwa anakunja kanga ile ile kwa mara ya tatu. Simel akaitafuta furaha yake ya jana asiione. Akajiona mzee mshenzi, na kwa kweli alikuwa mshenzi.

Akashuka mlangoni. Bibi Fumie alikuwa ametoka, anapanga viatu vya wageni. Simel akavua kofia, akapiga magoti, akainamisha kichwa kama alivyofanya kwa shangazi zake enzi za kaptula. Bibi, kwa mazoea ya kazi, naye akainama. Simel akashuka zaidi. Bibi akashuka zaidi. Akishuka huyu, anashuka yule, mpaka wazee wawili wakawa pua sakafuni kama watu waliodondosha sindano, na wageni waliokuwa wanatoka wakawapita kwa kunyata.

Shuhei akaja mbio. "Mzee, vipi tena?"

"Mwambie bibi yako mimi ndiye mdogo," Simel akasema na sakafu. "Yeye asiiname. Aniwekee mkono. Siondoki hapa, na magoti yananiuma."

Shuhei akatafsiri. Kisha kofi likatua kwenye upara wa Simel, pa! Baada ya kofi, kiganja kikabaki pale pale, chepesi na cha moto. Bibi akaanza kusema, na Shuhei akamfuata taratibu.

"Anasema kofi ni la ile 'mwanangu'. Anasema ameinamia watu mlangoni hapa miaka sitini, na hakuna hata mmoja aliyemwekea mkono. Wa mwisho alikuwa mama yake. Jana hakukasirika, mzee. Alikwenda kulia. Anasema Naisiae ni wake tangu leo. Ila anauliza, wewe je? Umekubali?"

Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Simel akainuka kwa shida.

Ndipo Shuhei akapiga magoti. Hakuinama kwa namna ya kwao mpaka sakafuni. Alikunja shingo tu, kama watoto wa Moshono, akasubiri. Nyuma yake Naisiae alikuwa amesimama kwenye ngazi, kanga mkononi.

Simel akakitazama kile kichwa muda mrefu. Akaiona baraza yake yenye kiti kimoja. Iliuma, iliuma kweli. Safari hii mkono ulikataa kushuka wenyewe. Akaushusha yeye.

"Mungu akukuze, mwanangu," akasema.

Kisha akamgeukia binti yake. "Fungua sanduku lako, mama. La kwangu ndilo lifungwe. Ng'ombe wako peke yao."