Maji Yaliyolala

Hospitalini walimwita Bi Povu, na jina lenyewe alilipenda. Miaka kumi na tisa alikuwa akisugua wodi za watu, na hakuna sakafu iliyomshinda. Ukimwonyesha doa, hali wala hanywi mpaka litoke. Hata madaktari, wakikuta korido ametoka kuipiga deki, walipita wakinyata kama wezi, maana mwanamke huyu alikuwa na mdomo.

Nyumbani alikuwa na mgonjwa mmoja tu, mumewe. Alikuwa fundi saa, mtu wa kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele bila mkono kutetemeka. Kiharusi kilimkuta asubuhi moja mezani kwake, kikachukua upande wote wa kulia pamoja na maneno yote. Akili kilimwachia. Ukiniuliza mimi, huo ndio ulikuwa ukatili wenyewe.

Bi Povu alijikaza kisabuni. Alimpa mumewe kijiko cha mti mkono wa kushoto, agonge ukingo wa kitanda: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Kijiko kilikuwa cha mti kwa sababu maalumu. Uso wa fundi ulikuwa umevutwa upande mmoja, mdomo umeshuka, jicho halifumbi sawasawa, na mkewe aliapa kwamba hatajiona hivyo. Kioo cha kujitazamia alikiondoa ukutani akakisukumiza nyuma ya kabati. Vijiko vya bati akavifungia. Hata sufuria alizozing'arisha mwenyewe hazikuingia tena chumbani mle.

"Mume wangu alikuwa mtanashati," alimwambia dada yake. "Akijiona alivyo, ataniachia roho."

Kilichomshika fundi roho hiyo kilikuwa tangi la samaki. Alilianza mwenyewe miaka saba nyuma, na sasa kitanda chake kilisukumwa mpaka mbele yake. Samaki walikuwa kumi na wawili, kila mmoja urefu wa kiungo cha kidole, ana mstari wa buluu ubavuni na wekundu kuelekea mkiani. Hawa si samaki wa kukaa mmoja mmoja. Wanakwenda pamoja, wanageuka pamoja, wakishtuka wanashtuka pamoja. Fundi aliwafuata kwa macho kutwa nzima. Walipopita kulia alijitahidi kugeuza shingo kulia, na hapo ndipo mkewe alipomtilia uji mdomoni. Bila samaki alifunga mdomo kabisa, ungedhani umeshonwa.

"Mama, watunze hawa," alisema binti wa mazoezi ya viungo, aliyekuja mara mbili kwa wiki. "Wanafanya kazi kuliko mimi."

Basi, kutunza kwa Bi Povu kulikuwa na maana moja tu.

Alichukua likizo ya siku moja. Alilitazama tangi vizuri kwa mara ya kwanza, akaona aibu. Changarawe imeshika utando wa kahawia. Sponji ya kwenye mashine ya kuchuja maji imejaa tope. Na pale pembeni kulikuwa na ndoo ya maji ambayo fundi, siku za uzima wake, aliiacha wazi kutwa kucha, na dada yake Bi Povu, aliyekuja kusaidia, aliendelea kuijaza kwa mazoea. Maji yaliyolala! Hospitalini maji yaliyolala ni mbu na kuhara, na yeye ndiye aliyewafokea wauguzi wa kila wodi kwa kosa hilo. Aliyamwaga.

Samaki aliwahamishia kwenye beseni la maji ya bomba, mabichi. Changarawe aliiosha kwa maji ya moto mara nne. Vioo alivisugua. Sponji aliikamua chini ya bomba, akaitia dawa ya kuulia wadudu, akaisuuza mpaka ikawa nyeupe kama mpya.

Nyuma yake kijiko kiligonga. Mara mbili.

"Nakuja, baba."

Mara mbili. Kikanyamaza. Mara mbili tena.

Aligeuka akamwona mumewe amekodoa macho, jasho limemtoka, mkono ule mzima umekikaba kijiko. Moyo wa Bi Povu ulijaa mapenzi, maana aliamini amemwelewa mumewe. "Hapana nini? Hutaki nichoke? Huruma yako hiyo!" alimcheka. "Nimesugua wodi yenye vitanda arobaini, nitashindwa na kadebe haka?"

Fundi aligonga mpaka kijiko kikamtoka mkononi kikaangukia sakafuni. Bi Povu, kwa kuwa kilianguka sakafuni, alikwenda kukiosha kwanza.

Jioni ile tangi liling'aa, limejazwa maji mapya ya bomba, samaki wamerudishwa ndani. Alilala akiwa na furaha, maskini wa Mungu.

Siku ya tatu wawili walielea. Siku ya nne, wanne. Waliobaki walikwenda juu wakihema, kundi limevunjika, kila mmoja na lwake. Bi Povu akafanya anachokijua: akasafisha tena. Safari hii kijiko hakikugonga. Fundi alikuwa amefumba macho, lile moja likabaki nusu wazi, na uji ulimteremka kidevuni kwa sababu hakuupokea.

Siku ya sita alibaki mmoja. Alijibana nyuma ya jani, mstari wake wa buluu umefifia ukawa rangi ya majivu.

Bi Povu alikwenda mbio kwa muuza samaki, mzee mpole mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji. Alimweleza yote, kwa fahari kidogo hata, ajue kwamba uchafu haukuwa wake.

Mzee akauliza taratibu, "Sponji uliiosha kwa maji ya bomba?"

"Na dawa."

Mzee alivua kofia. "Mama, lile tope lilikuwa na vijidudu vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki. Umeviua vyote. Na maji ya bomba yana dawa, lazima yalale siku nzima dawa itoke. Mumeo hakukwambia?"

Bi Povu alishika meza. Aliisikia ile mara mbili, mara mbili, mara mbili. Alilia palepale dukani, mbele ya wateja, yeye aliyewatisha madaktari.

"Niuzie wengine," alisema.

"Ukiwatia sasa utawaua. Ngoja wiki sita, tope lirudi. Huyo aliyebaki atakufa kwa upweke kabla maji hayajamuua. Mwekee kioo cha kujitazamia ubavuni mwa tangi. Atadhani ana mwenzake."

Alirudi nyumbani akasogeza kabati. Alikifuta kioo kile vumbi, akakisimamisha nyuma ya tangi, kikatokeza juu yake kwa shubiri mbili. Akajaza ndoo, akaiacha ilale. Kisha akapiga magoti akasubiri.

Samaki alichungulia. Akatoka nyuma ya jani. Akakiendea kioo, akageuka, na yule mwingine akageuka naye, wakaondoka ubavu kwa ubavu.

"Ona, baba! Ona! Kapata mwenzake!"

Aligeuka na machozi ya furaha. Mumewe hakuwa akimtazama samaki. Alikuwa akitazama juu ya tangi, mle kwenye zile shubiri mbili za kioo. Mkono wa kushoto ulipanda polepole, ukagusa mdomo ulioshuka, ukajaribu kuuinua kwa kidole kama mtu anayerekebisha mshale wa saa. Ukaachia. Mdomo ukashuka.

"Mungu wangu," alisema Bi Povu. Alikishika kioo kwa mikono miwili. "Nimekosa, mume wangu. Nimekosa tena. Nakitoa."

Mara mbili.

"Nisikitoe?"

Mara moja.

Ndani ya tangi samaki alikuwa akienda na kurudi na mwenzake. Rangi ya buluu ilikuwa imeanza kumrudia.

"Sasa wewe je? Nikugeuze? Utazame ukutani?"

Kijiko kikagonga mara moja, na safari hii Bi Povu alisikia vizuri. Alimgeuza alivyofundishwa, mto mgongoni, mto katikati ya magoti. Akaleta kiti upande wa ukuta, akakaa na bakuli la uji, akaanza kumsimulia samaki anakokwenda. Kila aliposema "kulia" alisogeza kijiko mdomoni mwake. Mdomo haukufunguka.