Mlio Uliingia, Sauti Ikabaki Nje

Saa tatu asubuhi fundi wa mitandao alipanda ngazi za Ofisi ya Ukaguzi wa Majengo akiwa na kompyuta na bisibisi mbili, na hakumwambia mtu kwamba ana kaka. Mwajiri wake alikuwa amemweleza kuwa tatizo ni dogo. Simu za ofisi, zile zinazopita kwenye intaneti, zinalia vizuri, lakini ukiinua mkono wa simu husikii kitu. Anayepiga anakusikia, wewe humsikii. Ugonjwa wa kawaida tu. Fundi alishautibu kwenye hoteli na kwa daktari mmoja wa meno.

Ila hapa ulikuwa na miezi minane. Ofisi yenye simu ishirini haikai miezi minane bila kusikia, ikajikalia kimya. Machale yakamcheza.

Kaka yake alikuwa msimamizi wa karakana ya ushonaji ya ghorofa nne. Miezi saba iliyopita aliipigia ofisi hii kueleza kwamba ngazi ya ghorofa ya tatu imepasuka, na alipokata simu hakuwa na sauti tena. Daktari alimulika koo, akasema koo ni zima ila sauti haimo, akaandika hivyo kwenye cheti. Nyumbani wakazoea, akitaka chumvi anagonga meza mara mbili. Wiki tatu baadaye ngazi ilianguka na washonaji wawili, wote wakafa, na sasa kaka alikuwa ameitwa mbele ya kamati ya kuchunguza ajali siku ya Alhamisi. Shtaka lilikuwa moja: alinyamaza. Alikana kwa barua, kamati ikamjibu kwamba utetezi ni wa mdomo.

Kwenye mapokezi fundi alimkuta katibu, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Fundi akamwamkia, akaitikiwa. Kila simu iliyolia katibu aliiandika kwenye daftari kubwa: tarehe, saa, malalamiko. Fundi alijifanya anatafuta pa kuweka mkoba, akafunua kurasa za nyuma. Tarehe ya kaka ilikuwepo, saa ilikuwepo. Chini ya malalamiko paliandikwa Hakuna, kama kwenye mistari mingine yote.

"Hakuna maana yake nini, mama?"

"Maana yake sikusikia kitu. Siwezi kuandika nisichokisikia, mwanangu."

Alilisema bila kukwama, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi. Fundi akauliza kilichowafanya wamwite leo ni nini. Katibu akajibu kwamba wiki iliyopita Mkubwa wa makao makuu alipiga naye asisikike, na Mkubwa hapendi kutosikika.

Mitambo ilikuwa stoo, kati ya ndoo na fagio. Simu zote ishirini za ndani zilitoka nje kwa anwani moja, ya kisanduku kimoja, na chochote kilichorudi kilisimamishwa kwanza na ukuta wa ulinzi, programu inayochuja kinachoingia. Kwenye ukuta ule mlio una mlango wake mmoja. Sauti ina milango yake yenye namba, kuanzia wa elfu kumi hadi wa elfu ishirini. Mlango wa mlio ulikuwa wazi. Ya sauti ilikuwa imefungwa yote, tena si kwa kusahau, maana anayesahau haachi maelezo. Pembeni mtu alikuwa ameandika: Sauti za nje zisiingie. Agizo la ofisi.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe na glasi ya maji, mpole kupita kiasi.

"Mfungulie Mkubwa peke yake," alisema. "Wengine waache walipo."

"Wako wapi?"

"Nje."

Alipoondoka, fundi aliweka sikio kwenye ukuta wa stoo, ule wa matofali. Ulikuwa na joto, na ndani yake watu walikuwa wakinong'ona kama kwenye foleni ya hospitali. Hakushtuka. Tangu siku ya cheti cha daktari alikuwa akishuku kwamba sauti ya kaka imekwama huku. Alichokihisi ni hasira. Kisha akaandika kwenye kompyuta kwamba milango ya elfu kumi hadi elfu ishirini iwe wazi kwa yeyote, akabonyeza.

Sauti ziliingia kwa adabu, moja moja, kupitia simu za mezani ambazo hakuna aliyeziinua. Moja ilisema nguzo ya shule inamomonyoka. Nyingine ilitaja paa la soko. Wafanyakazi waliendelea kupiga mihuri. Mmoja alifunga dirisha akidhani kelele zinatoka barabarani. Kwenye simu ya katibu fundi akasikia kikohozi anachokijua tangu utotoni.

"Mimi ni msimamizi wa karakana ya ushonaji. Ngazi ya ghorofa ya tatu imepasuka, na kina mama wanaipanda kila siku. Haloo? Mnanisikia?"

"Umemsikia, mama," fundi alisema. "Andika."

Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Simu haijalia," alisema. "Isiyolia si simu ya kuandikwa."

Fundi akachomoa simu ile na waya wake, akaikunja ndani ya sweta sauti isidondoke, akashuka ngazi. Nyuma yake kalamu ilikuwa tayari inaandika: Simu moja, imechukuliwa na fundi. Mchana mwajiri alituma fundi mwingine, akafunga milango yote, akamwachia Mkubwa wake mmoja.

Nyumbani kaka aliweka simu sikioni, akasikiliza, akakohoa. Akaomba chumvi. Mkewe akampa, kisha akaingia chumbani kulia.

Alhamisi kaka alizungumza mbele ya kamati kwa saa nzima, na sauti haikumkatika hata mara moja. Alitaja siku, saa, ufa na urefu wa ufa. Kamati ilimsikiliza, ikamshukuru, ikaleta daftari la ofisi ya ukaguzi. Mwenyekiti alipitisha kidole mpaka kwenye tarehe ile, akasoma Hakuna. Kaka akaanza kueleza upya, fundi akiwa nyuma yake na cheti cha daktari mkononi. Mwenyekiti akamwomba anyamaze kidogo ili uamuzi usomwe.

Akanyamaza. Uamuzi ulisema kwamba alinyamaza.