Kidonda Kilichohesabu Siku

Kithinji aliuza miraa Chaka, kando ya barabara ya Nanyuki, na kila mzigo uliofika kutoka Meru aliuonja kwanza. Alichuna kijiti kimoja kwa meno, akatafuna, akasukuma tonge kwenye shavu la kushoto na kuliacha hapo. Miaka kumi na minane wateja waliliamini shavu hilo kuliko walivyomwamini yeye mwenyewe.

Jumatatu moja ya Juni, Kithinji akinywa chai, kidonda kilichokuwa ndani ya shavu hilo kilisema, "Leo ni siku ya kumi na tano."

Kilikuwa na sauti ya karani wa kanisa anayesoma matangazo. Nkatha, mkewe, akaweka birika chini. "Si nilikwambia hiyo kidonda imekaa sana?"

"Ni miraa tu. Mdomo ya mtu wa miraa haikosi kidonda. Nitatafunia upande ingine."

Akahamia shavu la kulia. Kidonda kikaendelea kuhesabu, kila asubuhi siku moja. Gathogo, mchoma nyama wa kibanda cha pili, alikisalimia, kikamjibu kwa namba, naye akaendelea kupepea makaa.

Siku ya ishirini na mbili Nkatha alimkokota mumewe hadi zahanati. Moffat, mhudumu wa pale, hakuinua kichwa. "Shida?"

"Kidonda ya mdomo," alisema Nkatha. "Haimuumi, lakini haiponi."

"Siku ya ishirini na mbili," kidonda kikathibitisha.

"Nimesikia." Moffat aliuliza kazi ya mgonjwa, akaambiwa miraa, akatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza. Tochi ilikuwa mezani karibu na mkono wake. Hakuigusa. Aliwapa dawa ya kusukutua.

Siku ya arobaini aliwapa vidonge vya maumivu. Siku ya sitini na moja aling'oa jino, na jino lenyewe lilikuwa zima, maskini. Kesho yake kidonda kilisema sitini na mbili. Nkatha alirudi huko akiwa amewaka.

"Jameni, si ufungue mdomo uangalie!"

"Mama, midomo ya watu wa miraa tunaijua."

Siku ya tisini na saba mdomo wa Kithinji ulikataa kufunguka hata kwa kijiko cha mukimo, viazi vya kupondwa, na shingoni palikuwa na uvimbe. Jino la kung'oa lisingefikika tena, kwa hiyo Moffat akaandika barua ya kuwapeleka hospitali. Bila barua hiyo hakuna aliyepokelewa.

Huko walimkuta daktari aliyeitwa Salwa. Aliwasha tochi, akapenyeza kidole penye nafasi, akapapasa shavu polepole, kisha akakiuliza kidonda umri wake.

"Mia moja na tatu."

Akaandika. Akakata kipande kidogo kwenda kupimwa, na majibu yaliporudi yalikuwa saratani.

"Mngekuja kikiwa na wiki tatu," alisema kwa upole.

"Tulikuja," Nkatha akasema.

Madaktari waliondoa shavu na sehemu ya taya, wakaziba kwa ngozi ya paja. Asubuhi iliyofuata Nkatha alikaa kando ya kitanda akingoja namba. Haikuja. Alilia mpaka chai ya hospitali ikapoa.

Baada ya matibabu ya mionzi, Kithinji alipewa vijiti bapa vya kubana kati ya meno, kimoja zaidi kila wiki, ili taya lifunguke. Vijiti vinne vilipitisha uji. Vijiti saba vilipitisha kijiko. Ndani ya shavu jipya viliota vinyweleo vya paja, na maneno yake yalitoka yamejaa upepo. Kuonja miraa hakuweza tena.

Aliporudi Chaka, Gathogo alimkumbatia akacheka kwa furaha, na chini ya ulimi wake kitu kikasema, "Siku ya ishirini na nne."

"Moffat alikuangalia mdomo?" Nkatha akauliza.

"Moffat? Aniangalie ya nini? Anajua mimi ni customer yenu. Nimepewa ya kusukutua."

Kithinji alichomoa vijiti vyake saba, akavitia mfukoni, akamshika Gathogo mkono. Wakaenda wote watatu. Walipoingia, Kithinji alifungua mdomo wake mpya kadiri ulivyoweza, akaelekeza kidole kwenye tochi.

Moffat hakuinua kichwa. "Shida?"